Ubao wa Mama Pacha na Msasa wa Fundi Futi

Ubao haukukatwa kwa msumeno. Hilo liwekwe sawa kwanza, maana ndilo linalosemwa zaidi, na aliyelianzisha hakuwapo. Wala Fundi Futi hakumsukuma mkewe majini, wala hakushikana mashati na mwalimu wa klabu ya bwawani, wala Mama Pacha hakurudishwa kwao. Alikwenda kwa dada yake siku nne kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta, nywele zilikuwa zimefumuka, na dada yake ni msusi. Watu waliomwona kituoni na begi walimalizia hadithi wenyewe. Katika ukoo huu hakuna mwanamume aliyewahi kumwinulia mkewe mkono. Hata marehemu baba yake Fundi Futi, ambaye hasira zake zilikuwa za karibu, alizimalizia kwenye milango. Kilichotokea ni kidogo kuliko uvumi, na kwa upande mwingine ni kibaya kuliko uvumi. Kwa hiyo kisemwe kilivyo, watu wapumzishe ndimi zao.

Fundi Futi ni seremala. Jina hilo alipewa karakanani kwa sababu ya futi yake ya chuma inayoning'inia kiunoni hata siku za mapumziko. Alipokwenda kuposa, kabla hata hajakaribishwa maji, alimwambia baba mkwe kwamba meza yake imeinama robo inchi kushoto. Akapewa mke hata hivyo. Mashemeji zake wanashikilia mpaka leo kwamba alipewa ili arudi kuirekebisha meza.

Huyo mke ni Mama Pacha, msoma mita wa idara ya maji. Kwa miaka kumi na tisa ametembea mitaa yote ya mji akiinama kwenye mita za watu, akiandika tarakimu, akitania wenye nyumba na kuita mbwa kwa majina yao. Anacheka kwa sauti. Anajulikana. Na mume wa mwanamke anayejulikana ana kazi mbili, ya kwake na ya kuhesabu salamu.

Wivu wa Fundi Futi ulikuwa wa kimya. Hakuuliza, alipima. Kutoka ofisini kwa mkewe hadi nyumbani ni dakika ishirini na mbili kwa mguu. Zikifika thelathini, randa yake ilianza kula mbao kwa kasi. Alimwonea wivu mwenye duka la dawa, akamwonea wivu dereva wa gari la maji, akamwonea wivu hata daktari wa meno, ambaye ni mzee na haoni vizuri. Yote hayo aliyameza, na mkewe akadhani ameolewa na mtu mpole. Alikuwa mpole kweli. Lakini mtu anaweza kuwa mpole na kuwa na moto tumboni.

Ikatokea klabu ya bwawani, ile ya michezo ya majini, ikawaalika wafanyakazi wa idara wajifunze bure kila Jumamosi asubuhi, kwa vile bwawa ni mali ya idara. Mchezo wenyewe ni wa ubao wa tanga: ubao mrefu unaoelea, umesimikwa mlingoti na tanga katikati, na mtu anasimama juu yake akishika tanga kwa mikono miwili, upepo unampeleka. Wenzake Mama Pacha walicheka mwaliko ule. Yeye alijiandikisha siku hiyohiyo. Alisema ameyasoma maji kwenye vioo vya mita kwa miaka kumi na tisa, sasa anataka kusimama juu yake.

Mwalimu wa klabu wanamwita Kocha. Ni mtu mwembamba, mkimya, mwenye shingo iliyoungua jua. Fundi Futi alimfahamu kwanza kupitia maneno ya mezani.

"Kocha kasema usitazame miguu yako, tazama unakokwenda," Mama Pacha alisema akipakua.

"Hata mimi nilikuambia hivyo ulipojifunza baiskeli."

"Wewe ulisema nisiwagonge kuku."

"Ni kitu kilekile."

"Kocha kasema nina mizani nzuri. Kasema wanaotembea sana wana vifundo imara."

Fundi Futi alikijua kifundo hicho tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumwomba maoni. Siku ile alihesabu: "Kocha kasema" kumi na moja katika chakula kimoja. Lililomfika kooni lilikuja mwisho. Mbao za klabu zilikuwa chache, watu wanapokezana, kwa hiyo Kocha alikuwa akimwazima Mama Pacha ubao wake mwenyewe.

"Ubao wake yeye?"

"Ndiyo. Mwembamba kidogo, naanguka sana. Lakini kanipa."

"Mke wangu hataazima," alisema Fundi Futi, na Jumatatu akaenda kununua.

Duka lilikuwa ghala la vifaa vya majini vilivyotumika, nyuma ya karakana ya mashua. Muuzaji alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mbao zilipangwa ukutani zimesimama, za rangi zote, nyingine nyembamba na zilizochongoka kama jani la muwa. Macho ya fundi yalikwenda kwa hizo. Zilikuwa zimechongwa vizuri.

"Wako au wa nani?" muuzaji aliuliza.

"Wa mke wangu. Anaanza."

"Basi toka hapo. Hizo ni za waliokwishajua. Anayeanza akipanda hiyo, unamsikia kabla hujamwona. Mkeo ana uzito gani?"

Fundi Futi alijua urefu wa mkewe mpaka nusu inchi, na upana wa mabega, na kimo cha goti akiwa amekaa. Uzito hakuujua. Alimnyanyua mara ya mwisho siku ya harusi.

"Kama mlango wa mbele," alisema. "Wa mbao ngumu."

"Na fremu au bila fremu?"

Akafikiri. "Na fremu."

"Kilo sabini na kitu. Usimwambie nimeuliza." Mama yule akamvuta hadi kwenye ubao mmoja mpana, mnene, wa rangi ya maziwa, uliolazwa chini kwa sababu hakuna aliyetaka kuusimamisha. "Huu hapa. Lita mia na tisini. Ni ujazo huo, maana yake unaelea naye hata akisimama kama gunia. Upana karibu mita nzima. Katikati una bawa linaloshuka majini ili upepo usimsukume ubavuni. Na uso wake, pitisha mkono, una chenga ili miguu isiteleze."

Fundi alipitisha kiganja. Kiganja cha seremala kinapochomwa na uso wa ubao kina neno moja tu la kusema.

"Huu haujapigwa msasa."

"Ndivyo unavyotakiwa, baba."

Alisikia, lakini hakuliweka popote, kwa sababu akili yake ilikuwa imeshakwenda kwenye jambo jingine. Aliushika ubao upande mmoja akaupima kwa mikono.

"Mtu mmoja anaubeba?"

"Kwa mabega yako, labda. Mwanamke peke yake atauburuta. Unahitaji wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma."

"Basi huo."

"Wanaume wengi huwanunulia wake zao ubao wa kupendeza macho," mama yule alisema akitafuta kitambaa cha kuufutia vumbi. "Wewe umechagua kwa akili."

Fundi Futi alizipokea sifa hizo akitazama chini. Alikuwa amechagua ubao ambao mkewe hataweza kwenda nao bwawani bila yeye. Kwamba ndio ubao ambao mwanafunzi yeyote angeshauriwa, hiyo ilikuwa bahati, na haikumsaidia.

Maana ubao ule ulikuwa mzuri kupita kiasi. Jumamosi ya kwanza walibeba pamoja, yeye mbele, mkewe nyuma akimwonyesha mashimo. Jumamosi ya pili Mama Pacha alisimama. Ya tatu alivuka boya la kwanza, na fundi akabaki ukingoni amekaa juu ya jiwe, bega kwa bega na mtu aliyekuja kumchunga.

"Umemchagulia vizuri, Shemeji," Kocha alisema.

Shemeji wa upande gani, fundi alijiuliza. Kwa mdomo alisema, "Ahsante."

Kocha akaweka mikono mdomoni akaita kwa nguvu juu ya maji: "Geuza polepole, Nahodha!"

Kule mbali Mama Pacha alicheka, wakamsikia. Fundi Futi aligeuka. "Nahodha?"

"Tunamwita hivyo. Yeye ndiye wa kwanza kufika boya katika kundi lake."

Mwanamke huyo alikuwa mke wa mtu kwa miaka ishirini na sita. Kwa ishirini na tatu ya hiyo alikuwa Mama Pacha, jina alilolipata kwa uchungu wa saa kumi na sita huku mumewe akipima ukumbi wa hospitali kwa hatua. Na sasa mtu mwenye filimbi shingoni amempa jina jipya bila kubisha hodi. Fundi alilitia moyoni jina lile, likakaa kama kibanzi chini ya kucha.

Ubao ulikuwa ukilala karakanani, hapo nyumbani, juu ya farasi wawili wa mbao, vile viunzi vya miguu minne vya kuwekea kazi. Ijumaa moja mchana, fundi alirudi kutoka kwa mteja akakuta umechorwa. Juu ya uso wake mweupe, mmoja nyuma ya mlingoti na mwingine hatua moja zaidi, palikuwa na alama za nyayo mbili, mstari mweusi mzito umezunguka kila kidole. Alizitambua nyayo. Kidole cha pili cha mguu wa kushoto kimezidi kile kikubwa; hakuna mwingine mwenye mguu ule.

Yeye mwenyewe huchora hivyo kila siku. Ukitaka kiolezo cha kitu, unakiweka juu ya ubao, unakishika kisicheze, unazungusha kalamu. Unakishika kisicheze. Akaona mtu amepiga magoti mbele ya mkewe, mkono mmoja juu ya kifundo kile imara, mwingine unazungusha kalamu taratibu kidole kwa kidole. Kisha akaona jambo lililomaliza kila kitu: mstari wa kisigino cha kulia ulikuwa umepinda. Mkono wa mchoraji ulitetemeka. Na kwa nini mkono wa mwanamume utetemeke?

Alichukua msasa namba themanini, ule mkali.

Alikusudia kufuta nyayo mbili tu, tuwe wakweli. Lakini fundi hawezi kuacha mabaka. Zilipotoka, mahali pake palikuwa laini na kwingine kote kunakwaruza, na mkono wake ukaendelea wenyewe, kutoka mbele hadi nyuma, mpaka uso mzima ukawa kama meza ya kulia chakula. Vumbi jeupe lilimjaa nyusi. Ulipopauka, akaona haya kuuacha hivyo. Akaupaka vanishi.

Asubuhi Mama Pacha alikuta ubao unang'aa. Alisimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Umefanya nini?"

"Nimeusafisha."

Akaja akamshika bega, kitu ambacho hakuwa akikifanya mchana kweupe. "Ubao umependeza, Baba Pacha. Na zile alama zangu?"

"Zilitoka na uchafu."

"Basi. Nitakumbuka mwenyewe pa kukanyaga."

Wakabeba, yeye mbele, mkewe nyuma. Bwawani Kocha alikuwa akiandikisha watu, na karatasi ya ukaguzi wa vifaa aliitia sahihi akiwa na wanafunzi sita wanaomwita kwa pamoja. Ubao wa Nahodha ulikuwa mzuri, alishauona Jumamosi tatu. Hakuupapasa.

Mama Pacha hakufika hata boya. Upepo ulivuta tanga, Mama Pacha akarudisha mguu wa nyuma kama alivyofundishwa, na mguu ukaenda wenyewe. Alianguka juu ya ubao, si majini. Mlingoti ukamwangukia, kiganja chake kikiwa chini ya mwili wake. Fundi Futi hajui kuogelea. Aliingia mpaka magotini, akasimama hapo. Kocha alishapita kama samaki.

Alimleta amembeba mikononi. Na hapa ndipo penye aibu ambayo wavumishaji hawakuijua, kwa hiyo hawakuisema. Fundi Futi, akiwa amesimama kwenye maji, aliona kwanza mkono wa Kocha chini ya magoti ya mkewe. Baadaye ndipo alipouona mkono wa mkewe, unavyoning'inia.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Wiki sita za plasta.

Siku chache baadaye Mama Pacha alirudi nyumbani na habari, akala kwa mkono wa kushoto huku akizisimulia. Klabu imemsimamisha Kocha. Ubao ulikutwa laini, na karatasi yenye sahihi yake inasema umekaguliwa. Kamati itakaa Jumatano, na huenda asirudi tena.

Fundi Futi alijiongezea chakula. Ilikuwa mara ya kwanza jina lile limepita mezani bila kumharibia ladha. Aliona Jumamosi zake zimerudi: mkewe nyumbani, ubao juu ya farasi, hakuna Nahodha. Hakuhitaji kufanya lolote. Ilimpasa kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa anakujua.

Lakini Jumamosi, Mama Pacha akiwa kwa jirani, Kocha mwenyewe alifika karakanani. Alivua kofia.

"Shemeji, nimekuja kukuomba radhi. Nilitia sahihi bila kuupitisha mkono. Sijui ulilainika vipi, lakini ilikuwa kazi yangu kujua."

Pembeni yake, kwenye rafu, palikuwa na kopo la vanishi, kifuniko hakijakazwa. Fundi aliliona. Kocha hakuliona, au hakulielewa.

"Yamepita," alisema Fundi Futi.

Wakapeana mikono. Mwenye kosa alipokea radhi ya asiye na kosa, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akajaribu kurudi kwenye kazi, akapima ubao mmoja mara nne na kupata vipimo vinne tofauti.

Jumapili asubuhi, Mama Pacha akinywa chai, fundi alikaa mbele yake.

"Alama zile nilizifuta mimi."

"Ulisema zilitoka na uchafu."

"Kwa msasa. Nikaupiga ubao mzima. Halafu vanishi."

Mama Pacha aliweka kikombe chini. "Kwa nini?"

"Sikutaka kuona kazi ya mkono wa mtu kwenye miguu yako."

"Mtu gani?"

Akamtaja. Mama Pacha alimtazama kama anavyotazama mita iliyosimama wakati maji yanatoka.

"Nilichora mwenyewe," alisema. "Alhamisi, ulipokwenda kupima madirisha. Nilichukua kalamu yako nene kwenye kopo la misumari, nikairudisha."

"Kisigino kilikuwa kimepinda."

"Jichore kisigino chako mwenyewe, uinamie huko nyuma usikokuona, tuone kama kitanyooka."

Fundi alitazama kisigino chake. Kwa miaka thelathini ya kuchora violezo, hilo lilikuwa jambo ambalo yeye, kuliko mtu yeyote mjini, alipaswa kuliona.

"Kocha alikuja hapa jana," Mama Pacha alisema. "Jirani kaniambia. Alitaka nini?"

"Kuniomba radhi."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia yamepita."

"Yamepita," alirudia, bila kupandisha sauti, na fundi akatamani angepandisha. "Mimi nakwenda kwa dada anisuke. Jumatano kamati inakaa. Wewe fanya utakalofanya, na mimi nikisikia umefanya nini ndipo nitajua narudi kwa nani."

Jumatano fundi alivaa shati lake la harusini. Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza inayoyumba, na Kocha kwenye benchi ukutani. Fundi Futi alisema kwa kifupi: ubao aliupiga msasa yeye, nyumbani, na Kocha hakuhusika.

Katibu, bibi mmoja mwenye huruma aliyewahi kutengenezewa kabati naye, alimwangalia kwa upole. "Fundi, ulidhani haujamaliziwa, siyo? Mtu wa mbao, ukaona unakwaruza, ukausaidia. Kosa la kikazi tu."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kocha angerudi kazini, mkewe angerudi nyumbani, na mjini pangebaki kicheko kidogo juu ya seremala aliyependa msasa kupita kiasi. Walio wake wangeshukuru. Wapo waliomwambia baadaye kwamba bora angeupitia mlango ule, na waliomwambia hivyo walikuwa na sababu zao.

"Hapana," alisema. "Niliona wivu."

Mwenyekiti alikohoa. Kocha alitazama viatu vyake. Katibu alishika kalamu juu ya karatasi.

"Niandike wivu?"

"Andika."

Akaandika, na ndivyo neno lilivyotoka katika chumba kile na kuingia mitaani, ambako liliongezewa msumeno. Kocha alirudishwa kazini kwa onyo juu ya ile sahihi. Nje, alimfuata fundi mpaka getini, akampa mkono. Fundi aliupokea, na bado, akiwa ameushika, aliona ni mkono mzuri kuliko wake. Wivu haukutoka. Alijua haujatoka. Alikuwa ameutaja tu.

Alhamisi Mama Pacha alishuka kituoni, nywele zimesukwa, habari ameshazipata.

Plasta ilipokatwa, ubao ule waliupeleka dukani wote wawili, lakini fundi alibaki nje kwa ombi la mkewe. Mama mwenye miwani alipitisha kiganja juu ya vanishi.

"Nani kauua huu?"

"Mume wangu."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana," alisema Mama Pacha. "Nataka mwingine kama huu, mpana vilevile. Bado naanza."

Anaendelea kwenda kila Jumamosi, na Kocha ndiye anayemfundisha. Kama Fundi Futi anakaa ukingoni au anabaki karakanani, na huko anakokaa anatazama saa au hatazami, ni juu yake. Na siku ile ya Alhamisi, wawili hao walikaa ndani saa nzima, mlango umefungwa. Walichoambiana hakikusikika na hakitaandikwa. Wanaotaka kuendelea kuuliza, hawatajibiwa.